Ngozi ya Daraja la Tatu

“Nani alikuambia usugue tumbo kwa msasa?”

Daktari aliuliza swali hilo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ameinama juu ya kitanda, anabandua bandeji iliyogandana na kidonda, na mimi nikadhani anajisemea tu. Mara ya pili alinyanyuka, akavua glavu, akamtazama mke wangu usoni. Alikuwa kijana mwenye haraka, wodi nzima inamsubiri, lakini kwa swali hilo alisimama. Muuguzi naye alisimama na sinia lake la pamba mkononi.

Mke wangu hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

Nilikuwa nimesimama upande wa miguuni, nimekumbatia chupa ya uji niliyomletea. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa neno moja tu, tena fupi, hata mtoto anayeanza kusema angeliweza. Mke wangu alinisubiri. Hakunikazia macho wala hakunikunjia uso, alinisubiri tu kama mtu anavyomsubiri mwenzake afunge kamba ya kiatu ili waendelee na safari. Mimi nikainamisha kichwa, nikatazama vigae vya sakafu.

“Hakuna,” akasema mke wangu. “Nilijitungia mwenyewe.”

“Makubwa haya!” akasema muuguzi.

Daktari akaandika kwenye faili. Sikuona aliandika nini, lakini najua aliandika uongo, na najua ni nani aliyemfanya aandike. Hiyo ni miaka ishirini na sita iliyopita.

Tuanze mbali kidogo. Mimi nilikuwa mpanga madaraja kwenye kiwanda cha ngozi. Ng’ombe akishachinjwa, ngozi yake ikaondolewa manyoya, ikaivishwa kwa dawa na kukaushwa, ilipitia mezani kwangu kabla ya kwenda kokote. Meza yangu ilikuwa chini ya dirisha kubwa, maana ngozi haitazamwi kwa taa, taa ni mwongo. Niliitandaza, nikaipapasa kwa kiganja, nikaivuta kwa vidole viwili kuona kama imelegea, kisha nikaipindua na kuandika namba kwa chaki. Ngozi safi, namba moja. Yenye kovu la mwiba au la kupe, namba mbili. Iliyolegea tumboni, yenye michirizi ya kuvutika, ya ng’ombe aliyezaa na kuzaa tena, hiyo namba tatu bila mjadala. Kiwandani waliniita Chaki. Na nilikuwa hodari, jamani, nisijinyime sifa: ngozi mia mbili kwa siku, na hakuna fundi viatu aliyewahi kurudisha hata moja akidai nimemdanganya.

Ubaya wa kazi ya namna ile ni kwamba aproni unaivua jioni ukaitundika, lakini jicho unarudi nalo nyumbani. Nilikuwa nikisalimiana na watu huku natafuta makovu kwenye mikono yao. Nilidhani ni kipaji.

Mke wangu alipobeba mimba, ilikuwa ya pacha. Alikuwa mwembamba, na tumbo lile lilipofika mwezi wa saba watu walimpisha njia kabla hajawaomba. Michirizi ilianza chini ya kitovu, myekundu inayokaribia zambarau, ikapanda ikazunguka mpaka kiunoni. Yeye wala haikumshughulisha. Alikuwa mcheshi kuliko mimi. “Wanao wanachora ramani humo ndani,” aliniambia. “Wanatafuta mlango wa kutokea.” Nao walitoka salama, msichana na mvulana, wakilia kwa kupokezana, na tangu siku hiyo tukawa Mama Pacha na Baba Pacha, na kwa wiki kadhaa nadhani hapakuwa na nyumba yenye furaha na usingizi mdogo kama yetu.

Sasa nifike pale nisipopapenda.

Ilikuwa Jumapili alasiri, watoto wana miezi minne. Wote wawili walikuwa wamelala kwa wakati mmoja, bahati ambayo tuliipata labda mara moja kwa wiki. Mke wangu alikuwa ametoka kuoga, amekaa ukingoni mwa kitanda, taulo liko kiunoni, anajipaka mafuta. Mimi nimejilaza nyuma yake. Mfukoni mwa shati mlikuwa na kipande cha chaki, kama kawaida, kwa sababu hakuna shati langu lililokosa chaki. Nikaketi. Nikamwekea kiganja tumboni nikampapasa, na mwanzoni lilikuwa pendo, naapa. Kisha sijui shetani gani alinipitia. Nikaivuta ile ngozi kwa vidole viwili, nikasema kwa ile sauti yangu ya kiwandani: “Imelegea tumboni, michirizi pande zote. Namba tatu hii!” Na nikamwandikia namba tatu kwa chaki, kubwa, chini ya kitovu.

Alicheka. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu kwa miaka mingi nimejitetea nalo kichwani mwangu: si alicheka? Alicheka, akanipiga kibao cha mzaha begani, akasema, “Mshenzi wewe.” Kisha akachovya ncha ya taulo kwenye maji akajifuta. Chaki ilitoka mara moja. Yeye aliendelea kufuta.

Ningeishia hapo, pengine yangepita. Lakini ulimi hauna mfupa. Kesho yake wakati wa chakula cha mchana, tumekaa kwenye mabenchi nyuma ya ghala, kila mtu anasimulia vituko vya nyumbani kwake, na mimi nikatoa changu. Nikawaonyesha hadi kwa vitendo, nikitumia ubao wa benchi kama tumbo. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na maji. Nilijisikia mwanamume kweli siku ile.

Wiki mbili baadaye mke wangu alipeleka watoto kliniki kupimwa uzito. Kwenye foleni alikuwepo mke wa mmoja wa wale waliocheka. Foleni iliposogea, mama yule akamgusa mgongoni akasema, kwa utani, kwa wema kabisa, “Namba Tatu, sogea mbele mama, usitucheleweshe.” Na wenzake wawili wakainama kuficha meno. Haya sikuyajua wakati ule. Dada yake mke wangu ndiye aliyekuja kuniambia baadaye, naye akidhani ni mzaha wa wanawake tu, hakujua chanzo chake. Nilichokiona mimi ni kwamba mke wangu alirudi kutoka kliniki, akawalaza watoto, akaketi bila hata kuvua viatu. Nikamuuliza kama watoto wamepungua uzito. Akasema wameongezeka.

Tangu hapo alianza kubadilisha nguo nyuma ya mlango. Alinyonyesha akiwa amejifunika shuka hadi kiunoni, hata kwenye joto. Nikimgusa ubavuni alishika mkono wangu akauhamisha, pole pole, bila ugomvi, akauweka begani. Nikajiambia ni uchovu wa ulezi. Mwanamume akitaka kutokuelewa, haelewi.

Kisha yakaanza mafuta. Leo haya, kesho yale. Mara amejipaka mabaki ya kahawa, mara ndimu, mara ute wa yai, chumba kikanuka kama jiko. Kila shoga yake alikuwa na dawa, na kila dawa ilikuwa imemponya binamu wa mtu. Mimi nilimtania: “Unajikaanga?” Hakucheka tena.

Ndipo siku moja, nakula, ameketi mbele yangu na mtoto wa kiume mapajani, akaniuliza.

“Baba Pacha, hivi hii michirizi inatoka?”

Nawaombeni mnielewe: katika mji mzima ule, kama kulikuwa na mtu ambaye si daktari na aliyejua jibu la swali hilo, ni mimi. Nilikuwa nimepapasa ngozi zenye michirizi kwa miaka kumi na moja. Nilijua kwamba haiko juu. Juu pamebaki pazima, ni chini ndiko kulikochanika, nyuzi zimevutwa zikakatika, na hakuna fundi chini ya jua anayeingiza sindano humo akaziunga. Ningeweza kumwambia hivyo. Ningeweza kumwambia, haitoki, mke wangu, lakini itafifia, na hata isipofifia mimi naipenda, ni njia waliyopita wanangu, na nilichokisema siku ile kilikuwa upumbavu. Nilikuwa nayo maneno hayo, au yanayofanana nayo. Nilikuwa pia na njaa, na nilikuwa na majivuno.

“Kwetu kiwandani hakuna kisichotoka,” nikasema, nikiendelea kula. “Ngozi mbaya tunaipiga msasa laini mpaka uso wa juu uondoke. Halafu dawa ya kujazia, halafu rangi. Kiatu kikishashonwa, hata mimi siijui ile namba tatu ni ipi.”

“Hata wewe?”

“Hata mimi.”

Akambembeleza mtoto kidogo. “Msasa laini kama upi?”

“Kama ule wangu, ulio kwenye droo.”

Sikumwambia kwamba ngozi iliyopigwa msasa ndiyo ya kwanza kupasuka kiatu kikikunjwa. Na sikumwambia jambo ambalo hata mtoto wa shule analijua, kwamba mwenye ngozi ile ameshakufa, hasikii maumivu.

Alifanya kwa siku tano. Alifanya mchana, mimi niko kazini, watoto wakilala. Alikuwa akijisugua kidogo kidogo, kwa utaratibu, sehemu hii leo, sehemu ile kesho, kama nilivyomweleza tunavyofanya mezani, na juu yake akipaka krimu iliyouzwa kwenye kopo lisilo na jina, ambayo muuzaji alimwambia ni ya kujazia. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya kujazia. Nilimwona akikunja uso anapombeba mtoto nikamuuliza ana nini, akasema mgongo. Nilisikia harufu nikadhani ni zile krimu zake. Siku ya sita nilikuja kuitwa mezani kwangu, na aliyetumwa akaniambia niende hospitali moja kwa moja, nisipitie nyumbani. Jirani alikuwa amesikia watoto wanalia muda mrefu, akasukuma mlango, akamkuta mke wangu sakafuni anatetemeka kwa homa, tumbo limevimba na kuiva.

Kwa hiyo mkiona nilivyotazama vigae daktari alipouliza, mjue nilikuwa natazama nini.

Baada ya kuandika, daktari alifunga faili akaongea naye kwa upole zaidi. “Mama, ungekuja kuniuliza mimi kwanza. Haya mambo hayafutiki, lakini yanafifia yenyewe. Mwaka mmoja, miwili, ule wekundu ungeisha, ungebaki mchirizi mweupe usioonekana sana. Kuna mashine za mwanga zinazoweza kupunguza kidogo, wenye uwezo wanazitumia, na kuna dawa chache za kupaka ambazo mama anayenyonyesha hapewi. Lakini krimu ya kufuta kabisa hakuna. Anayeuza hiyo ni tapeli.”

“Asante daktari,” akasema mke wangu.

“Na wewe baba,” akanigeukia, “uwe unamwangalia mkeo.”

Nikasema ndiyo.

Alilala hospitali wiki tano. Maziwa yalikauka. Dada yake alihamia kwetu kulea watoto kwa chupa, na kila aliyekuja kutupa pole dada alimsimulia, kwa uchungu wa kweli, jinsi mdogo wake alivyojikwangua kwa ajili ya urembo akiwa na watoto wachanga. “Shemeji, hukuona?” aliniuliza. Nikasema sikuona. Mama yangu mzazi alisema alishajua tangu mwanzo, mwanamke anayejitazama sana kwenye kioo hana mwisho mwema. Na kwenye mitaa ile hadithi ikaota miguu ikatembea. Mke wangu akawa “yule aliyejipiga msasa.” Watu walimwonyesha kwa kidevu. Na kiwandani, wale wale waliocheka benchini, walinishika bega wakanipa pole kwa kuoa mwanamke asiye na akili. Nilizipokea pole zao. Hakuna aliyekumbuka chaki. Au walikumbuka, nao wakatazama chini kama mimi.

Kidonda kilipopona kiliacha kovu gumu, lililovimba, la kung’aa, upana wa sahani. Najua kwa sababu nililiona siku moja tu, siku ya kutoka hospitali, muuguzi akimfunga. Mke wangu aliona ninaliona. Hakuniruhusu kuliona tena. Tuliishi, tulikula pamoja, tulilala kitanda kimoja, tulisomesha watoto, tulizika wazazi wetu, tulicheka hata. Mtu wa nje angesema yameisha. Wahenga walituonya: mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilijaribu kusema. Ndiyo, nilijaribu. Siku ya kumtoa hospitali nilimshika mkono kwenye kibaraza nikaanza, “Mama Pacha, ile siku daktari…” Akasubiri. Akasimama kabisa, na mfuko wake wa nguo, akasubiri. Nikasema, “Ile siku daktari alisema usibebe vitu vizito. Nipe huo mfuko.” Akanipa.

Na binti yetu alipokuwa na miaka kumi na minne, amerefuka ghafla kama wanavyorefuka, akapata michirizi kidogo mapajani. Mama yake alimkuta anajitazama. Akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, asihangaike, itafifia, asipake kitu. Na mtoto yule, kwa ule ukali wa umri ule, akamjibu: “Mimi si wewe, Mama. Mimi siwezi kujichubua kama mwendawazimu.” Nilikuwa sebuleni, mlango uko wazi, nimeshika gazeti. Mke wangu aligeuka akanitazama. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yetu kunitazama vile. Nikafungua ukurasa wa pili.

Mwaka jana kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kushoto. Ulimi pia ukawa mzito, lakini akili iko kamili, tena nafikiri iko kali kuliko yangu. Mtoto wetu wa kiume yuko mbali kikazi, hupiga simu. Binti anafundisha shule, amerudi kuishi nasi. Anamwosha mama yake asubuhi kabla ya kwenda kazini na tena akirudi. Mimi napika, namlisha, namsomea habari, namgeuza ubavu akiwa amevaa. Kumwosha, hapana. Hatukupatana hivyo kwa maneno, iliwekwa tu, na binti anadhani ni haya za wazee.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, alijichafua. Si kosa lake, tumbo lilikuwa limevurugika tangu jana yake. Nilisikia harufu nikiwa jikoni. Nikachemsha maji, nikachanganya ndoo, nikachukua sabuni na taulo safi na shuka, nikaingia. Nilipogusa shuka aliyojifunika, aliishika kwa ule mkono wake mzima.

“Msubiri mtoto,” akasema.

“Mtoto anarudi saa kumi, mke wangu. Huwezi kukaa hivyo.”

“Nitakaa.”

Niliivuta shuka kidogo. Akaivuta yeye. Mwanamke aliyepooza nusu mwili, anavutana na mimi, na ananishinda, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kushinda. Nikaiachia. Nikaketi kwenye kiti pembeni ya ndoo. Maji yakapoa. Nikayarudisha jikoni nikayapasha, nikayaleta, yakapoa tena. Nzi wakaingia, nikawa nawapunga kwa gazeti. Saa sita ikapita. Jasho lilikuwa linamtoka, na najua ngozi ilikuwa inamuwasha na kumuunguza, nani ajuaye ngozi kuliko mimi, lakini alitazama dari na mkono wake haukuiachia ile shuka. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwenye kiti kile. Mke wangu aliona afadhali alale kwenye kinyesi chake mpaka mtoto arudi kuliko mimi nimwone tumbo.

Ndipo nikasema. Baada ya miaka ishirini na sita ilitoka kama kitu kidogo.

“Ni mimi niliyekuambia habari ya msasa.”

Hakugeuza kichwa. Alichukua muda kuyapanga maneno kwenye ule ulimi mzito.

“Unaniambia mimi?” akasema. “Mimi nilikuwepo.”

Basi. Nikakaa na hilo jibu mpaka saa kumi na dakika kumi, binti alipofungua mlango wa mbele, akavuta hewa, akaja mbio na mkoba bado begani.

“Baba! Yuko hivi tangu saa ngapi?”

Nikafungua mdomo. Mke wangu akaniwahi.

“Usimgombeze. Nilikuwa nimelala. Nilimkataza asiniamshe.”

Na akanitazama. Mara ya tatu. Mwanamke yule alikuwa ananifunika tena, ananiandalia tena mahali pa kujificha, nafasi pana na nzuri, kilichotakiwa kwangu ni kunyamaza tu kama nilivyozoea. Lakini macho yake yalikuwa yale yale ya wodini. Yalikuwa bado yanasubiri.

“Hakulala,” nikasema. “Amekataa nimwoshe. Amekataa nimwone tumbo, na ana haki.”

“Haki gani?” binti akauliza. “Ile aibu yake ya msasa? Mama, mpaka leo?”

“Aibu ile si yake,” nikasema. “Ni yangu. Kaa nikuambie.”

“Kwanza nimwoshe,” akasema, akanitoa chumbani, akarudisha mlango bila kuufunga.

Nikaketi kibarazani, nyuma ya ule mlango, nikamwambia. Nilisema kwa sauti, ili wote wawili wasikie. Nilianza na Jumapili ile na chaki. Nikamwambia kuhusu benchi nyuma ya ghala, na nilivyoonyesha kwa vitendo. Nikamwambia kuhusu foleni ya kliniki. Maji yalikuwa yanamwagika ndani, kitambaa kinakamuliwa, kinachovywa tena. Nikafika kwenye swali la mama yake mezani, na nilivyomjibu, na nilivyomtajia droo. Hapo maji yakanyamaza. Niliendelea. Nikamwambia kuhusu daktari aliyeuliza mara mbili, na shangazi, nikasahau kuwa kwake ni mama mkubwa, nikajisahihisha, na bibi yake, na pole nilizopokea. Nikamwambia kuhusu yeye mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na minne, alivyomjibu mama yake, na mimi nilikuwa wapi.

Hapo nikasikia binti yangu analia. Alikuwa analia kimya kimya, na mama yake anamwambia kitu ambacho sikukisikia, na sikupaswa kukisikia.

Maji yalianza tena. Muda mrefu. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka na ndoo na mashuka machafu kwapani. Nikavuta miguu yangu apite. Hakunitazama. Mashavu yake yalikuwa na maji, na ndoo ikamwagika kidogo kwenye kiatu changu. Alikwenda akamwaga, akasuuza, akaloweka mashuka, akarudi.

Kutoka ndani nikamsikia mke wangu, neno moja moja: “Mwekee baba yako chai. Hajala tangu asubuhi.”

“Ataweka mwenyewe,” binti akajibu. Akaingia, na safari hii akaufunga mlango.

Nikaenda jikoni nikachemsha chai ya watu watatu. Niliinywa peke yangu.